Foleni ya Chumba cha Tatu

Nchi yenyewe sitaitaja jina. Ni nchi inayopenda sana kusifiwa na haipendi kabisa kutambuliwa, kwa hiyo tuseme tu kwamba ipo, ina bendera, ina wimbo, na ina mto mkubwa uitwao Kibubu ambao daraja lake limewekewa jiwe la msingi na kila Rais aliyewahi kuapishwa. Mawe hayo yamekuwa mengi hata wananchi wa kule, watu wasio na subira, wameyapanga mtoni na sasa wanavukia juu yake. Serikali imeupokea ubunifu huo kwa moyo mkunjufu na kuuingiza katika mafanikio yake ya miundombinu.

Wakubwa wa nchi ile hawana muda na miaka. Wao huhesabu miongo, na kila muongo una jina lake rasmi. Wa kwanza ulikuwa Muongo wa Kujenga Msingi. Ukafuata wa Kuimarisha Msingi, halafu wa Kukarabati Msingi, halafu wa Kupitia Upya Msingi. Leo hii, kwa neema za Mungu na uongozi uliotukuka, wamo katika Muongo wa Msingi Mpya, na kila mtu anakubali kwamba mambo yamebadilika sana.

Ili mabadiliko hayo yaonekane kwa macho, serikali ilijenga Nyumba ya Miongo, jumba la makumbusho lenye chumba kimoja kwa kila muongo, na kumkabidhi Bi. Tausi Mlembe awe mhifadhi mkuu. Tausi alikuwa mwanamke wa makamo, mnene wa kupendeza, mwenye kicheko kinachosikika hadi ng'ambo ya barabara. Alikuwa na balaa moja tu maishani: kila alipokaribia kuolewa, alihamishwa.

Mara ya kwanza alichumbiwa na mwalimu wa hesabu. Wiki ya harusi ikaja barua kwamba anahamishwa, kwa manufaa ya umma, kwenda mpakani kutunza kinu cha kale, ambacho alipofika alikuta wenyeji wamekichanja kuni. Mwalimu akangoja, akachoka, akaoa kwingine. Muongo uliofuata akapata mchumba karani wa reli, na wiki ya harusi, tena kwa manufaa ya umma, akapelekwa kisiwani kuhifadhi ngome ambayo huzama masika na kuibuka kiangazi. Karani naye akaoa. Umma ulinufaika sana na Bi. Tausi, ila yeye ndiye hakunufaika.

Sasa alikuwa amechumbiwa tena, na Koplo Ngwali, mpiga tarumbeta wa bendi ya polisi, mwanamume mpole mwenye mashavu manene na mapenzi ya kweli. Harusi ilikuwa Jumamosi. Ufunguzi wa Nyumba ya Miongo ulikuwa Jumatano ya wiki hiyohiyo.

"Ngwali namwamini," aliwaambia mashoga zake. "Wizara ndiyo siiamini."

Na Wizara ilikuwa na sababu zake. Mheshimiwa Daktari Mtondoo, Waziri wa Kumbukumbu na Matarajio, alimwita ofisini akamketisha kwenye kiti kifupi kuliko chake.

"Bi. Tausi, Mtukufu Rais atatoa hotuba yenye kichwa kisemacho 'Hatufanani na Jana'. Nataka mtu akitoka chumba kimoja akaingia kingine, aone tofauti ya mbingu na ardhi. Akikiona kitu kimoja tu kinafanana, kimoja tu, utakwenda Jiwe la Chumvi."

"Huko kuna nini, Mheshimiwa?"

"Hakuna kitu. Ndiyo maana hakijahifadhiwa." Waziri akajipigapiga mfuko wa koti. "Barua ninayo. Imebaki sahihi ya Rais."

Bi. Tausi alirudi kazini roho ikiwa mkononi. Tofauti ya mbingu na ardhi! Yeye alikuwa ameshinda miezi ghalani akipekua urithi wa taifa, na kilichokuwa kikimsumbua ni hichohicho, kwamba mbingu ilifanana mno na ardhi.

Alianza na hotuba. Katika kila chumba aliweka kitufe ambacho mgeni akikibonyeza husikia sauti ya Rais wa muongo ule. Fundi, katika pilikapilika za kuunganisha nyaya, alizichanganya kanda zote. Waziri alipokuja kukagua alibonyeza kitufe cha chumba cha leo, na sauti ikanguruma: "Ndugu wananchi, tuko katika kipindi cha mpito. Tufunge mikanda kidogo. Wapo wachache wasioitakia mema nchi yetu, na tunawajua."

Waziri alifumba macho, akatikisa kichwa kwa utamu. "Hii ya juzi ilinigusa sana," alisema. "Nilikuwepo."

Ilikuwa ya Muongo wa Kuimarisha Msingi, na Rais aliyeisema alikwisha kufariki na kupewa barabara. Bi. Tausi aliuma ulimi, akamwambia fundi aziache kanda zilivyo.

Likaja suala la suruali. Katika muongo wa pili serikali ilizipiga marufuku suruali za kubana, na vijana wa hamasa walisimama njia panda na chupa ya soda. Chupa isipopita kati ya mguu na kitambaa, mwenye suruali alikwenda ndani. Katika muongo wa tatu zikapigwa marufuku zile pana, zifagiazo barabara, kwa hoja kwamba zinaficha vitu na kupoteza kitambaa cha taifa. Bi. Tausi aliliweka sanamu moja chumba cha pili, likiwa limevaa suruali ya kubana iliyonyang'anywa enzi zile, pamoja na chupa yenyewe. Bahati mbaya, mwezi uliopita ilikuwa imetolewa amri mpya kabisa, isiyo na mfano katika historia, dhidi ya suruali za kubana. Askari mgeni aliyepangiwa lindo la makumbusho, kijana mwenye bidii, alilitazama lile sanamu, akachukua chupa, akapima, akalikamata.

Sanamu lililala mahabusu. Hati ya mashtaka ilisema limevaa kinyume cha maadili na limekataa kujibu maswali. Bi. Tausi alipokwenda kulitoa alimkuta mkuu wa kituo ana wasiwasi.

"Huyu mtu wenu jeuri sana," mkuu wa kituo alisema. "Tumempiga kofi, hata machozi!"

"Ni wa muongo wa pili, afande."

"Basi ndio hao waliotuharibia vijana."

Waziri aliposikia, aliona hatari, akatoa uamuzi wa kitaalamu: vyumba vya zamani vyote vipakwe rangi ya kijivu, na chumba cha leo kipakwe manjano inayometameta. Tofauti sasa ilionekana hata kwa mtu aliyesimama nje. Katika vyumba vya zamani palikuwa na meza ya mbao, karani na bango lililoandikwa "Mwenye mhuri amekwenda msibani." Katika chumba cha leo palikuwa na meza ya kioo, kompyuta, karani, na bango lililoandikwa "Mtandao uko chini." Waziri alisimama baina ya mabango mawili, akageuka huku na huku, akasema kwamba maendeleo yana raha yake.

Kilichobaki kilikuwa chumba cha tatu, cha Muongo wa Kukarabati Msingi, ambao watu wazima wa nchi ile wanaukumbuka kwa jambo moja: sukari ilipotea. Bi. Tausi alitaka watu waione shida ya enzi zile ilivyokuwa. Akajenga dirisha la duka la serikali, lenye nondo na tundu dogo la kupitisha mkono. Nyuma yake akamweka Mzee Chambuso, aliyefanya kazi katika duka la namna hiyo ujanani mwake na ambaye uso wake haukuwahi kupona. Mbele ya dirisha akapanga wazee wastaafu wachache, kila mmoja na kikapu chake, waigize foleni.

Hapo ndipo Bi. Tausi alipokosea, na ni kosa ambalo mtu wa nchi nyingine asingeweza kulifanya. Nchi ile ina desturi moja iliyoishinda katiba zote: mtu akiona foleni, anaunga. Haulizi ni ya nini. Kwanza anauliza nani wa mwisho, anashika nafasi, anaweka jiwe au ndala kama ana haraka ya kwenda kwingine, na maswali yanakuja baadaye, taratibu, kwa kunong'onezana. Kuruka foleni katika nchi ile ni aibu kuliko kufumaniwa. Aliyefumaniwa husamehewa, aliyeruka foleni hutajwa hata kwenye mazishi yake.

Tena sukari ya siku hizi nayo ilikuwa na mambo yake. Haikuwa imepotea, la hasha. Uhaba ulikwisha kukomeshwa kwa tamko. Ilikuwa inakabiliwa na changamoto ya upatikanaji.

Asubuhi ya Jumatatu wazee walisimama wajaribu. Mpita njia mmoja alichungulia mlangoni, akaona dirisha, akaona vikapu, akaunga. Kufikia adhuhuri foleni ilikuwa imetoka nje ya chumba, imeteremka ngazi na kuizunguka bustani ya mashujaa. Jumanne ilikuwa imefika posta. Askari waliletwa kuitawanya, wakaipanga vizuri zaidi, kisha wakaunga.

Bi. Tausi alipanda juu ya kiti. "Jamani, haya ni maonyesho! Hili dirisha si la kweli!"

Mama mmoja aliyekuwa mbele mbele, jina lake Mama Siwema, muuza chapati, alimtazama kwa huruma. "Mwanangu, la kweli ni lipi? Tuoneshe twende."

Bi. Tausi alifikiri, akashuka kwenye kiti.

"Nyuma ya ukuta huu hakuna sukari, mama," alisema kwa sauti ya chini.

"Hata kule kwingine hakuna. Ila hapa angalau kuna kivuli."

Waziri alipofika na kuiona foleni, jasho jembamba lilimtoka. Muongo wa tatu ulikuwa umetoka chumbani na kufika posta! Lakini hakuupata uwaziri kwa bahati nasibu. "Wote hawa ni waigizaji," alimwambia Bi. Tausi. "Rais akiuliza, ni waigizaji. Umesikia? Neno moja jingine, na Jiwe la Chumvi linakungoja."

Jumatano bendi ya polisi ilipiga, Koplo Ngwali akajaza mashavu na kumtupia mchumba wake jicho pembeni ya tarumbeta, na Mtukufu Rais akaingia. Alikuwa mzee mkubwa wa mwili, mwenye uchovu wa mtu anayekubaliwa kila anachosema. Chumba cha kwanza kilimpendeza. Cha pili kilimpendeza. "Hapa, Mtukufu, palikuwa na rangi ya kijivu," Waziri alieleza kila mahali, na Rais alisikitika kila mahali.

Alipoingia chumba cha tatu alisimama. Aliitazama foleni, vikapu, mawe yaliyoshika nafasi za watu, nondo za dirisha. Uso wake ulilegea.

"Nani wa mwisho hapa?" aliuliza.

Walinzi walitazamana. Mzee mmoja mwenye balghashia alinyoosha kidole nje, na Rais akatoka, akapita bustani, akafika posta, akamkuta wa mwisho, akasimama nyuma yake. Walinzi wakasimama nyuma ya Rais. Mawaziri wakasimama nyuma ya walinzi, wakigombana kidogo nani ana wadhifa wa kutangulia. Daktari Mtondoo peke yake hakusimama. Alikuwa akihaha huku na huku.

"Mama yangu alikuwa akinituma kushika nafasi," Rais alimwambia mtu wa mbele yake. "Nilikuwa kijana wa watu wengi siku zile. Kila mtu alikuwa ananisemesha." Akavuta pumzi. "Siku hizi hakuna anayenisemesha. Wananijibu tu."

Basi wakamsemesha. Foleni ya nchi ile haina cheo. Walimwambia bei ya unga, walimwambia habari za mtandao kuwa chini, wakamwonesha namna ya kuinamisha mgongo ili miguu isiume. Mama Siwema alikuwa ameacha ndala yake mbele na kuja nyuma kupiga soga, na Rais akamsifu.

"Unaigiza vizuri sana, mama. Enzi zile zilikuwa ngumu kweli."

"Enzi zipi, baba?"

"Hizo unazoigiza."

Mama Siwema aliangua kicheko, kisha akaona Rais hacheki, naye akanyamaza. Rais aligeuka. Bi. Tausi alikuwa amesimama hatua chache kando, mikono imemganda kwenye kanga.

"Mhifadhi," Rais aliuliza, "hawa ni waigizaji?"

Waziri alitoa barua mfukoni na kuikunjua taratibu, Bi. Tausi aione vizuri. Tausi aliiona. Aliuona mpaka, akakiona kisiwa, akaliona Jiwe la Chumvi ambalo halina kitu. Kisha akamtazama Koplo Ngwali, ambaye alikuwa amefuata na bendi, akashusha tarumbeta na kumtikisia kichwa kidogo, kama mtu asemaye sema tu, mimi nipo. Moyo wake ukajaa, akaona afadhali kulia mbali kuliko kucheka na uongo hapa.

"Waigizaji ni wale wazee wa mbele kabisa, Mtukufu," alisema. "Hawa wengine wamekuja kutafuta sukari. Sukari hakuna. Nimetafuta tofauti kati ya chumba cha tatu na kile cha mwisho, nimeikosa. Tulipaka rangi."

Waziri alichupa mbele akiwa na barua mkono mmoja na kalamu mkono wa pili. "Mtukufu, sahihi yako hapa tu, tumalize! Kwa manufaa ya umma!"

Rais aliitazama kalamu. Akawatazama watu waliokuwa nyuma yake, kisha akamtazama Waziri, na kwa mara ya kwanza siku ile alikasirika.

"Mtondoo," alisema, "mbona umeruka foleni?"

"Mtukufu, mimi ni—"

"Nyuma!" alipaza sauti Mama Siwema.

"Nyuma! Nyuma! Nyuma!" foleni yote iliitikia, kuanzia posta hadi dirishani, hadi Mzee Chambuso nyuma ya nondo zake, hadi mawaziri wenyewe, ambao walikuwa wameshasimama muda mrefu na hawakuwa tayari kuchezewa. Daktari Mtondoo aliinamisha kichwa akaenda nyuma. Wakati huo nyuma ilikuwa imefika stendi.

Hotuba ya "Hatufanani na Jana" haikutolewa. Jioni Rais alifika dirishani, na Mzee Chambuso, ambaye hakuwahi kumtazama mteja usoni katika muongo wowote, alimwambia sukari imekwisha, arudi kesho.

"Kesho saa ngapi, mzee wangu?"

"Wahi."

"Nitawahi," Rais alisema kwa adabu, akaacha kofia yake ishike nafasi.

Alirudi Alhamisi na kikapu. Serikali iliendelea na kazi kama kawaida, maana hakuna aliyegundua tofauti. Lakini wakuu wa Ikulu walianza kuona haya, kila balozi akifika na kuambiwa Rais yuko foleni, na Ijumaa, baada ya kuchunguza njia zote za kumrudisha ofisini, waligundua kwamba iko moja tu. Malori ya sukari yakaja. Yalikuwa yamefungiwa bandarini siku zote, yakingoja mwenye mhuri arudi kutoka msibani, au mtandao upande. Maelezo yalitofautiana kidogo.

Rais alipata kilo yake, akaipandisha juu watu waione, akashangiliwa kuliko alivyowahi kushangiliwa uwanjani. Daktari Mtondoo, kule nyuma, sasa angeweza kuondoka na kumfuata Ikulu, barua mkononi. Alikwisha kuinua mguu. Mkewe akampigia simu: amesikia sukari imetoka, amesikia na yeye yuko foleni, na asithubutu kurudi nyumbani mikono mitupu.

Alifika dirishani Jumamosi asubuhi. Mzee Chambuso alimpimia.

"Una mfuko?"

"Sina. Si mlipiga marufuku ile ya plastiki?"

"Mliipiga nyinyi. Lete karatasi nikufungie."

Waziri alijipapasa mifuko yote. Foleni ilikuwa ikimtazama. Nyuma yake mtu alianza kukohoa kwa namna ile ya watu wa foleni. Karatasi aliyokuwa nayo ilikuwa moja, nzuri, nzito, yenye nembo ya taifa. Mzee Chambuso aliipokea, akaikunja kwa ufundi wa kale hadi ikawa na ncha chini na mdomo mpana juu, akamimina kilo nzima bila kupoteza punje, akafunga. Waziri alitoka ameikumbatia kifuani kwa mikono miwili.

Saa kumi ya siku hiyo Bi. Tausi Mlembe aliolewa na Koplo Ngwali. Bendi ya polisi ilipiga bila mpiga tarumbeta wake bora, ambaye alikuwa ameketi kando ya bibi harusi na hakutaka kuinuka. Chai ilikuwa tamu. Shangazi yake Tausi, bikizee aliyeiona miongo yote tangu wa Kujenga Msingi na ambaye masikio yake yalichagua cha kusikia, alimvuta karibu.

"Nimesikia umefanya utafiti," alisema. "Hebu nambie mimi, mwanangu, maana kwangu yote iko sawasawa. Katika hiyo miongo yote, kuna hata mmoja uliokuwa tofauti?"

Bi. Tausi aliutazama mkono wake wenye hina, na mkono wa Ngwali ulioushika.

"Huu, shangazi," alisema, na kicheko chake kikasikika hadi ng'ambo ya barabara. "Huu nimeolewa."